Kila ndoa ya Tanga ni ndoa mbili

Karatasi ya tangazo la ndoa ya binamu yangu ilikaa kwenye ubao wa bomani siku 21. Ilikuwa na jina lake, jina la mchumba wake, umri wao na mahali wanapoishi, na chini kabisa mstari wa kisheria unaomtaka mwenye pingamizi ajitokeze. Yeye ni Mwislamu wa Ngamiani, binti wa mama yangu mdogo. Mchumba wake ni Mkatoliki mzaliwa wa Lushoto aliyeshuka mjini kwa kazi. Kila baada ya siku mbili tatu nilipita pale kuhakikisha karatasi haijang'olewa, kwa sababu ndani ya ukoo kulikuwa na watu walioapa kwamba ndoa hiyo haitafungwa.

Kabla ya kufika kwenye ubao ule walikuwa wameshabisha hodi milango miwili. Sheikh aliwapokea vizuri, akawakaribisha kahawa, kisha akamwambia binti: "Mwanangu, angekuwa kaka yako anataka kumwoa Mkristo ningekuwa na pa kushika, Kitabu kimetaja. Kwako wewe sina ruhusa ya kukupa, na nikikupa nitakuwa nakudanganya." Padri naye hakuwafukuza. Aliwaeleza kwamba Kanisa Katoliki linaweza kufungisha ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa kwa ruhusa ya askofu, ila yule Mkatoliki lazima aahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Binamu yangu akasema hawezi kukaa kimya ahadi hiyo ikitolewa mbele yake wakati moyoni hakubaliani nayo. Wakashukuru, wakaondoka. Nawaheshimu wote watatu, sheikh, padri na binti, maana kila mmoja alisema ukweli wa imani yake na hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Aliyeniumiza ni mtu wa nne. Ofisi moja ya serikali waliyoiendea kuulizia utaratibu iliwajibu hivi: "Nendeni kwanza mkaamue mnafuata dini ya nani, ndiyo mrudi." Mtumishi yule alitamka kama anayesoma kanuni. Kanuni hiyo haipo. Sheria ya Ndoa haimtaki mtu yeyote abadili dini ili aoe au aolewe, na Katiba ya 1977, katika ibara ya 19, inamhakikishia kila mtu uhuru wa imani na kuiweka shughuli ya dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Ofisi iliyopaswa kuwa mlango wa tatu, mlango usiouliza unaswali wapi, ndiyo iliyouliza.

Nimelitafakari jibu lile kwa muda mrefu, na nimefikia mahali pa kusema kwamba mtumishi yule alikuwa anatamka hadharani mkanganyiko ambao sote tunauishi. Kila ndoa inayofungwa hapa Tanga ni ndoa mbili zilizovikwa kanzu moja. Moja ni ya mbele ya Mungu, na wenye kuijua masharti yake ni wenye dini. Ya pili ni ya nchi: inahusu umri, ridhaa, mali, watoto, na nani atasimama mahakamani siku mambo yakiharibika. Siku ya harusi huoni tofauti. Nyimbo zinaimbwa, pilau linaliwa, watu wanatia saini. Tofauti unaiona ndoa ikivunjika.

Chukua talaka. Mwanamume wa Makorora anakata karatasi ya daftari, anaandika talaka, anampa mtu aipeleke kwa wakwe. Mke anakaa eda, eda inaisha, kidini ameshakuwa huru. Anaposwa tena, anaolewa tena. Lakini kwa Sheria ya Ndoa talaka hiyo peke yake haijavunja kitu. Kinachovunja ndoa Tanzania Bara ni amri ya mahakama, na kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini, yakiwemo ya Bakwata, baraza kuu la Waislamu nchini. Sheria imewapa Waislamu kifungu chao: baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na talaka ikawa imeshatolewa kwa taratibu za Kiislamu, mahakama itatoa amri. Wanawake wangapi wa mtaani wanalijua hilo? Wengi huja kulijua siku mume wa zamani anapofariki, au nyumba inapouzwa, au mke mkubwa anapotokea na cheti chake.

Sasa mgeuze upande wa pili. Mkatoliki wa Chumbageni anaachana na mkewe mahakamani, anapewa amri ya talaka yenye muhuri, mali zinagawanywa. Kwa nchi ameachika. Kwa Kanisa bado ni mume wa mtu, na akioa tena bomani atazuiwa komunyo. Kwa hiyo tuna Mwislamu aliyeachika msikitini ambaye hajaachika serikalini, na Mkatoliki aliyeachika serikalini ambaye hajaachika kanisani, nao wanakaa nyumba zinazotazamana. Hapo ndipo ninapoona wazi kwamba ndoa ni mbili. Anayesema ndoa ni moja tu, ya Mungu, aeleze kwa nini anahitaji hakimu. Anayesema ni moja tu, ya serikali, aeleze kwa nini yule Mkatoliki analia Jumapili.

Waliotunga Sheria ya Ndoa walijua wanashika moto. Kabla yake kila kundi lilikuwa na utaratibu wake: Wakristo na wao, Waislamu na wao, Wahindu na wao, wenye mila na wao. Serikali ilitoa waraka mwaka 1969, Waraka Na. 1, ukajadiliwa na wananchi, viongozi wa dini na wanawake, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Ilikuwa kazi ya ujasiri mkubwa. Iliweka wake na waume wote wa Tanzania Bara chini ya sheria moja bila kuvunja msikiti, kanisa wala mila. Ndoa iliruhusiwa kufungwa kwa taratibu za kiserikali, za Kikristo, za Kiislamu, za dini nyingine au za kimila, na zote zikahesabiwa kuwa ndoa kamili. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake. Ilitamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadibisha. Hata zile siku 21 za tangazo zinafanana sana na desturi ya makanisa ya kuwatangaza wachumba Jumapili tatu mfululizo, kwa hiyo hata utaratibu wa boma una harufu ya kanisani.

Ila ujasiri huo ulikuwa na bei yake, na bei ni kwamba dola ilimfanya kiongozi wa dini kuwa afisa wake. Sheikh au padri anayefungisha ndoa anafanya hivyo kwa leseni ya Msajili Mkuu, na kitabu cha vyeti anachojaza ni cha serikali. Mkono mmoja unabariki, mwingine unasajili. Watu wakaona tendo moja, wakaamini ni kitu kimoja. Kuanzia hapo ni hatua fupi tu kufika kwa mtumishi anayedhani kazi yake ni kulinda dini ya mtu.

Kuna kifungu ambacho kinanishangaza kila nikikisoma. Sheria inaruhusu wanandoa kwa tamko la pamoja mbele ya jaji au hakimu kubadili ndoa yao kutoka ya mke mmoja kwenda ya wake wengi, au kinyume chake. Kisha inaongeza kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani kwa taratibu za Kikristo haiwezi kubadilishwa kuwa ya wake wengi kwa muda wote ambao wawili hao wanaendelea kuikiri imani ya Kikristo. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hakimu wa nchi ambayo Katiba yake inaitaja kuwa isiyokuwa na dini anatakiwa kuchunguza kama mtu bado ni Mkristo. Atampimaje? Kwa kadi ya zaka? Kwa kumuuliza katekista? Nia ya kifungu naielewa, kilikuwa kinawalinda wake wa Kikristo, lakini kinalinda kwa kuingia ndani ya nafsi, mahali ambapo ibara ya 19 iliiambia serikali isiingie.

Linganisha na namna mahakama ilivyolinda wanawake kwa kutumia sheria ya nchi peke yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama mke aliyekuwa akipika, akifua na kutunza nyumba ana mchango wowote katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ya chini ilimwona kuwa ni mke tu. Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani ni mchango, na kifungu cha 114 kinauhesabu. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu kwa sababu alikuwa ameshapewa shilingi 10,000 za mtaji na hazikutumika ilivyokusudiwa, lakini kanuni iliyotoka katika kesi yake imewafaa wanawake wengi wasiojua hata jina lake. Uamuzi ule ulimfaa Mwislamu, ukamfaa Mlutheri, ukamfaa mke wa ndoa ya kimila kule Handeni. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha anaswali wapi. Huo ndio usawa ninaousema.

Watu wa Tanga tuna bahati, au mzigo, wa kuishi mahali ambapo sheria za ndoa zinaonekana kwa macho. Panda gari hapa mjini, nenda kaskazini kama kilomita 65, unafika Horohoro. Ukivuka tu, Mwislamu mwenzako, Mdigo mwenzako, pengine shangazi yako, ana Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Panda chombo uende Pemba, huko nako kuna Mahakama ya Kadhi, na Sheria yetu ya Ndoa haifiki kabisa. Wewe uliyebaki Tanga una Mahakama ya Mwanzo na Sheria ya Ndoa. Imani ni moja, madhehebu ni yale yale ya Shafii, hata ubeti wa kumsifu bibi harusi ni mmoja, na bado mirathi na talaka zinakwenda njia tatu.

Tofauti hiyo haikushuka na wahyi. Ilitoka katika mikataba ya watawala. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 na mwambao huu, Tanga ikiwemo, ukawa mali yake moja kwa moja. Mwambao wa Mombasa haukuuzwa, ulibaki kwa jina kuwa wa Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza, na ulipokabidhiwa Kenya mwaka 1963 yalikuwepo makubaliano kwamba makadhi wataheshimiwa. Upande wetu makadhi na maliwali waliendelea chini ya Wajerumani na Waingereza, kisha Tanganyika huru ikaunganisha mahakama zote mwaka huo huo wa 1963, na mahakama zao zikatoweka pamoja na zile za machifu. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kuwa au kutokuwa na kadhi ni amri ya Mungu isiyojadiliwa, na anayetuambia kwamba ni uhaini kwa taifa kulitaja, wote wawili wanasahau kwamba mpaka huo ulichorwa kwa fedha.

Suala la kadhi limetuchosha. Liliingia katika ilani ya CCM ya 2005, likapamba moto wakati wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, na mwaka 2015 muswada ulifikishwa Dodoma ukaondolewa. Mimi siipingi mahakama ya kadhi. Nimeona wanawake waliosaidiwa na kadhi wa Bakwata kupata khului, yaani talaka anayoiomba mke, haraka kuliko ambavyo mahakama ingewapatia. Ninachouliza kila mara ni mlango wa kutokea. Katiba ya Kenya imeandika kwamba kadhi ana mamlaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Neno hilo, zimekubali, ndilo linalobeba uzito wote. Mwanamke anayeweza kusema "nataka kwa kadhi" na pia anaweza kusema "nataka kwa hakimu" ana uhuru wa dini. Yule anayeburutwa kwa kadhi kwa sababu jina lake ni Mwanaidi hana, hata kama hukumu atakayopewa ni ya haki.

Wapo wanaoamini kwamba dini inapata nguvu zaidi serikali ikiishika mkono. Nawaelewa, maana nao wanaogopa: wanaona dunia inakwenda kasi na wanatafuta ukuta wa kuegemea. Ila nawaomba watazame nchi ambazo mkono huo ulishikwa zamani.

Denmark ina kanisa la taifa, la Kilutheri, lililotajwa katika katiba. Mwaka 2012 bunge la Denmark lilipiga kura kwamba ndoa za watu wa jinsia moja zifungwe ndani ya kanisa hilo, na sheria ikaanza kutumika tarehe 15 Juni mwaka huo. Mchungaji mmoja mmoja aliruhusiwa kukataa, lakini kanisa lenyewe, kama taasisi, liliamuliwa na wabunge. Uingereza nako kuna kanisa la dola, la Kianglikana, ambalo mfalme ndiye mkuu wake. Mwaka 2013 bunge lao lilipohalalisha ndoa hizo Uingereza na Wales, liliandika humo humo kwamba kanisa hilo lisizifungishe. Majibu ni kinyume, ila mkono ulioandika ni ule ule wa wanasiasa. Sheikh wangu wa Ngamiani, ambaye hahitaji ruhusa ya mbunge kumkatalia mtu nikaha, ana uhuru ambao askofu wa nchi yenye kanisa la dola hana. Uhuru huo ameupata kwa sababu ibara ya 19 imesema shughuli za jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Siku tutakapoiondoa serikali kule nje na kuiingiza ndani ili itulindie imani, itaingia na viatu vyake.

Marekani walichukua njia nyingine, nayo imepita kwenye maumivu. Mwaka 1959 jaji wa Virginia aliwahukumu Richard na Mildred Loving, mwanamume mweupe na mkewe mweusi, kwa kosa la kuoana. Mwaka 1965, alipokataa kuifuta hukumu hiyo, aliandika kwamba Mungu aliumba rangi za watu na kuziweka katika mabara tofauti, ishara kwamba hakutaka zichanganyike. Fikiri binamu yangu na mumewe wakisimama mbele ya jaji wa namna hiyo. Mahakama ya Juu iliifuta hukumu ile tarehe 12 Juni 1967, majaji wote kwa kauli moja. Miaka 48 baadaye, tarehe 26 Juni 2015, mahakama hiyo hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4 iliamua kwamba majimbo yote yawaruhusu watu wa jinsia moja kuoana. Uamuzi huo haukulilazimisha kanisa, msikiti wala sinagogi lolote kufungisha ndoa hizo, na sheria iliyopitishwa huko mwaka 2022 imelitamka hilo waziwazi.

Baada ya uamuzi wa 2015, karani wa kaunti ya Rowan, Kentucky, aitwaye Kim Davis, alikataa kutoa leseni za ndoa akisema imani yake hairuhusu. Alikaa rumande siku tano. Wapo waliomwita shahidi wa imani, na simdharau mtu anayekwenda jela kwa kile anachokiamini. Angekuwa mchungaji, hakuna ambaye angemgusa. Lakini alikuwa karani, kiti kilikuwa cha umma, na mihuri ilinunuliwa kwa kodi ya watu wa kila imani na wasio na imani. Nilipoisoma habari yake nilimkumbuka mtumishi wetu aliyewaambia vijana wakaamue dini kwanza. Walifanya kosa moja: walikaa kwenye kiti cha nchi wakaongea kama wamekaa kwenye kiti cha imamu.

Najua nimegusa jambo ambalo hapa kwetu halijadiliwi kwa sauti ya kawaida. Sheria yetu inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu inaadhibu vikali mahusiano ya jinsia moja. Msimamo wa misikiti na makanisa ya Tanga unajulikana, na ni haki yao kuushika, kuufundisha na kukataa kumfungisha ndoa yeyote wasiyemkubali. Nitaitetea haki hiyo. Lakini kanuni niliyoitumia kumtetea binamu yangu haina jina lake ndani yake. Inasema kwamba anayetaka dola imnyime raia kitu, au imfunge, alete sababu ambayo raia wa dini nyingine anaweza kuipima: nani anaumia, nani analazimishwa, nani ananyang'anywa. "Dini yangu inakataza" ni sababu tosha ya mimi kutofanya jambo. Kwa hakimu wa watu wote haitoshi kumfunga jirani. Sioni namna ya kuikubali kanuni hii kwa binamu yangu na mumewe halafu niikunje na kuiweka mfukoni wanapotajwa watu ambao jamii haiwapendi. Msomaji anayeona nimekosea, anijibu kwa sababu, nami nitamsikiliza.

Wakati huo huo, mahali ambapo kweli kuna anayeumia, serikali yetu imekuwa ikijificha nyuma ya dini na mila. Sheria ya 1971 inamtaka mwanamume afike miaka 18 kabla ya kuoa, lakini msichana inamruhusu kwa miaka 15 kwa ridhaa ya baba, na mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Julai 2016 vifungu vya 13 na 17 vikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilikuwa maridhiano ya kuheshimu mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa ili Bunge lirekebishe ukapita bila marekebisho.

Hili linanikera kuliko yote niliyoyaandika hapa. Tangu mwaka 2016 mwanamume anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa hiyo binti wa miaka 15 aliyeko darasani analindwa kwa kifungo cha miaka 30, na dada yake wa umri huo huo aliyeacha shule kwa umaskini, anayeuza mihogo stendi, anaweza kutafutiwa mume kwa sahihi ya baba. Kisha tunaambiwa ni kwa ajili ya dini. Nimekaa na masheikh wa mji huu wanaosema bila kusitasita kwamba kubaleghe peke yake hakutoshi, kwamba ridhaa inahitaji akili iliyokomaa, na kwamba walii anayemwoza binti kwa faida yake mwenyewe amehini amana. Dini ina sauti nyingi ndani yake. Serikali inapochagua moja na kuiita dini, imeshafanya kazi ya mufti bila kuwa na elimu yake.

Nirudi kwa watu wangu. Ndoa ilifungwa asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya msajili na mashahidi, mimi nikiwa mmoja wao. Msajili yule alikuwa mama mtu mzima, hakuuliza chochote nje ya fomu. Aliuliza kama wamekuja kwa hiari yao, akauliza kama wanataka ndoa ya mke mmoja, akawasomea wajibu wao, akawapa kalamu. Mama mdogo alikuja. Mume wake hakuja.

Mengi bado yako mbele yao. Mwanasheria mmoja aliwaketisha na kuwaeleza kwamba Sheria ya Ndoa haigusi mirathi, kwamba Mahakama ya Mwanzo itaangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani ili kuchagua sheria ya kutumia, na kwamba kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, tofauti ya dini inazuia mume na mke kurithiana. Akamshauri binti, kama anataka kubaki ndani ya dini yake, aandike wosia, maana wosia kwa asiye mrithi unaruhusiwa hadi theluthi moja ya mali, na nyumba wainunue kwa majina mawili. Walifanya hivyo wiki ile ile. Imani yake haikupungua, anafunga Ramadhani na mumewe humwamshia daku.

Mwaka uliofuata baba yake aliugua. Mzee alikuwa hajatia mguu nyumbani kwao tangu karatasi ile ilipobandikwa ubaoni. Aliyempeleka hospitali ya Bombo usiku ni mkwe wake, kwa pikipiki ya kukodi, akakaa naye mpaka alfajiri, akatoka kidogo mzee aliposali kitandani, akarudi. Mzee alipopata nafuu alimwita binti yake akamuuliza jambo moja tu: kama kile cheti chao kinakubalika kumwandikisha mke kwenye bima ya afya ya mume. Alipoambiwa kinakubalika, akaomba aletewe akione. Alikishika kwa mikono miwili, akasoma majina yote mawili kwa sauti, akakirudisha, akaomba maji ya kunywa.